Ramani ya Mji Humtumikia Nani?

Katika ofisi nyingi za umma kuna ramani ya mji imetundikwa ukutani. Mwananchi anapoingia kuuliza habari za kiwanja chake, mhusika huinuka, huweka ncha ya kalamu juu ya ramani ile, na mazungumzo huishia hapo. Mwananchi akieleza kwamba ameishi mahali pale miaka 20, kwamba mwembe ulio uani aliupanda yeye na kaburi la mama yake liko pembeni, hujibiwa kwamba kwenye ramani pale ni barabara. Ramani imekwisha kusema. Mwenye mwembe ndiye anayeonekana amekosea.

Makusudi ya makala haya ni kuichambua imani hiyo, kwamba ramani haina upande kwa kuwa imepimwa kwa vyombo vya kisayansi. Wasomi wengi huzigawa ramani za kale za miji katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zilizochorwa na wasanii, zenye majumba, miti na mashua mtoni. Hizo husifiwa kwa uzuri, kisha huambiwa si za kweli. Fungu la pili ni zile za wapimaji, zenye mistari na namba. Hizo huambiwa ni za kweli, kisha hapatikani mtu wa kuziuliza swali. Kwa mtazamo huo, historia ya ramani ni safari moja tu ya kutoka kwenye sanaa kwenda kwenye sayansi, yaani kutoka gizani kwenda kwenye nuru.

Sisi tunasema kwamba mgawanyo huo ni wa makosa, na kwa nchi inayojenga miji yake ni wa hatari. Sanaa na sayansi zote mbili ni nyenzo. Kama ilivyo kwa nyenzo yoyote katika jamii yenye matabaka, swali la kwanza ni nani ameishika, na anaitumia kwa faida ya nani.

Ili kulithibitisha jambo hili tumeuchagua mji wa Paris. Katika muda usiofika karne moja na nusu, mji huo ulichorwa na msanii, ukapimwa na wahandisi, kisha ukabomolewa kwa kuifuata ramani. Mwishoni tutarudi nyumbani Dar es Salaam, kwa sababu wakoloni nao waliugawa mji wetu kwa kalamu ya namna hiyohiyo.

MJI MZURI USIO NA WATU

Mwaka 1734 Michel-Étienne Turgot, aliyekuwa Mkuu wa Wafanyabiashara wa Paris, cheo ambacho wakati ule kilikuwa kama cha meya, alimwagiza Louis Bretez auchore mji mzima. Bretez alikuwa mchoraji na mwalimu wa elimu ya kuonyesha umbali katika picha. Alipewa kibali cha kuingia katika nyua, bustani na majumba ya watu, akazunguka kwa miaka miwili. Michoro yake ilichongwa na Claude Lucas kwenye mabamba ya shaba, ikachapishwa mwaka 1739 katika kurasa 20. Kurasa hizo zikiunganishwa hufanya picha yenye upana wa zaidi ya mita 3 na urefu wa karibu mita 2 na nusu.

Hatuna budi kukiri kwamba kazi hii ni nzuri mno. Mji unaonekana kama anavyouona ndege, na madirisha ya nyumba yanaweza kuhesabika. Tena tusidhani kwamba uzuri huo umepatikana kwa kukisia. Katika picha ya kawaida kitu kilicho mbali huwa kidogo. Katika ramani ya Bretez nyumba iliyo mbali ina kipimo kilekile cha nyumba iliyo karibu. Hivyo sivyo linavyoona jicho la binadamu. Hiyo ni hesabu. Basi ndani ya kazi inayoitwa ya sanaa tayari imo sayansi.

Tena Turgot hakukosa mfano wa ramani ya vipimo. Mwaka 1728 padri Delagrive alikwisha chapisha ramani ya Paris iliyopimwa kijiometri. Turgot aliijua njia hiyo, lakini akachagua nyingine, kwa sababu lengo lake halikuwa kumsaidia mtu kujua njia. Lengo lilikuwa kuonyesha fahari ya mji na ya watawala wake. Nakala zilijaladiwa vizuri, akapewa mfalme, wakapewa wakuu wa mji, wanachama wa Akademi na wajumbe wa mataifa ya nje.

Sasa tutazame kisichoonekana. Mitaa ya Bretez ni mitupu. Paris ya wakati ule ilikuwa na watu zaidi ya laki tano: wachukuzi wa maji, wafuaji nguo, waashi, wachuuzi wa samaki, vibarua waliolala wengi katika chumba kimoja. Wao ndio walioujenga mji ule na kuulisha, lakini katika ramani hawamo. Isitoshe, mitaa imepanuliwa kuliko ilivyokuwa ili sura za nyumba zionekane. Uchochoro uliokuwa na giza na uvundo umekuwa njia safi yenye jua.

Kwa hiyo kosa la Bretez si kwamba alibuni majengo yasiyokuwapo, kwani majengo aliyachora kwa uaminifu mkubwa. Uwongo wa ramani yake uko katika kuwaondoa watu. Kabaila anaupenda mji wake, ila anaupenda bila wale wanaoubeba mabegani.

MIENGE YA WAPIMAJI

Mwaka 1783 mfalme wa Ufaransa alitoa tangazo la kuweka kanuni za upana wa mitaa ya Paris, na kutaka ramani sahihi ya mitaa hiyo. Kazi iliongozwa na msanifu majengo Edme Verniquet. Kuanzia 1785 hadi 1791 yeye na wahandisi wapatao 60 walipima mji mtaa kwa mtaa. Mchana magari ya farasi na msongamano wa watu viliwazuia, kwa hiyo sehemu ya kazi ilifanywa usiku kwa mwanga wa mienge. Matokeo yake yalikuwa ramani ya kurasa 72, isiyo na madirisha wala miti ya mapambo, bali mistari ya kuta na majina ya mitaa.

Mtu aweza kusema kwamba hapo sasa ukweli umefika. Ni kweli kwamba vipimo ni sahihi. Lakini vilipimwa kwa haja gani? Haja ilikuwa kujua mpaka wa kila ukuta na mtaa, ili ijulikane nani atakatiwa jengo lake na nani atabaki. Hiyo ni sayansi ya umiliki. Anayemiliki ukuta ameingia katika ramani kupitia ukuta wake. Mpangaji wa chumba cha nyuma hana mstari wowote.

Mfano mmoja unatosha. Kuanzia mwaka 1784 ulijengwa ukuta kuuzunguka mji. Haukuwa wa kuzuia adui, bali wa kuwawezesha matajiri waliokodishwa ukusanyaji wa ushuru kutoza bidhaa zote zilizoingia, hasa divai. Wananchi waliuchukia ukuta ule, na mwezi Julai 1789, siku chache kabla ya kuanguka kwa Bastille, waliyachoma malango yake. Katika ramani ya Verniquet ukuta huo ni mstari mwembamba uliopimwa vizuri. Ramani inatuambia unapita wapi. Haituambii kwamba mfanyakazi aliyekunywa ndani ya mstari ule alilipa zaidi ya yule aliyekunywa nje.

Ikumbukwe hata hivyo kwamba kazi hiyo ilianza chini ya mfalme na kukamilika chini ya Mapinduzi. Mwaka 1793 iliundwa Tume ya Wasanii, yenye wasanifu na wahandisi, nayo ikaitumia ramani ileile ya Verniquet kupanga mitaa mipya katika ardhi iliyotaifishwa kutoka kwa Kanisa na kwa wakimbizi wa kikabaila. Vipimo havikubadilika, ila mkono ulioishika kalamu ulibadilika. Hapo twaona kwamba chombo cha kisayansi kilichotengenezwa kwa ajili ya tabaka moja chaweza kutwaliwa na jingine. Lakini pia twaona mpaka wa mapinduzi yale: ardhi ile iliuzwa, na aliyekuwa na fedha ndiye aliyenunua.

RANGI NNE ZA NAPOLEON III

Mwezi Juni 1853 Georges-Eugène Haussmann alifanywa mkuu wa mkoa wa Seine, ambamo ulikuwamo mji wa Paris. Yeye mwenyewe ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba Kaisari Napoleon III alimwonyesha ramani ya mji iliyochorwa mistari kwa mkono wa Kaisari huyo. Mistari ilikuwa ya buluu, nyekundu, manjano na kijani, na kila rangi ilionyesha kiasi cha haraka kilichotakiwa. Hizo zilikuwa barabara mpya.

Hapa ramani imepata kazi mpya kabisa. Bretez alichora kilichokuwapo na Verniquet alipima kilichokuwapo. Kaisari anachora kisichokuwapo bado, na chochote kilicho chini ya rangi yake kimekwisha hukumiwa.

Haussmann alijua kwamba rangi hazitoshi. Aliamuru mji upimwe upya. Wahandisi, chini ya Eugène Deschamps, walisimamisha minara ya mbao iliyozidi mapaa kwa urefu, wakapima pembetatu juu ya vichwa vya watu, na ramani kubwa ya mji ikawekwa ofisini mwa Haussmann. Kamwe Paris haikuwa imepimwa kwa usahihi kiasi kile. Na kamwe haikuwa imebomolewa kiasi kile. Usahihi na ubomoaji vilikuwa kazi moja.

Kati ya 1853 na 1870 nyumba elfu nyingi zilivunjwa. Mwaka 1860 vitongoji vya pembeni viliunganishwa na mji, eneo lake likazidi maradufu, na mitaa ya utawala ikaongezeka kutoka 12 hadi 20. Wenye nyumba walilipwa fidia, mara nyingi nono. Walanguzi waliotangulia kujua mstari utapita wapi walinunua mapema na kuuza kwa faida. Mwandishi Émile Zola alilifanya jambo hili kuwa kiini cha riwaya yake *La Curée* ya mwaka 1872, ambamo mlanguzi anatajirika kwa kuwa aliiona ramani kabla ya wengine. Na mpangaji asiye na mkataba alifungasha vyombo vyake akahamia Belleville au nje zaidi. Mwaka 1872 Friedrich Engels, akiandika juu ya suala la makazi, alilipa jambo hili jina la Haussmann mwenyewe. Alionyesha kwamba mabepari hawaondoi vibanda vya maskini, wanavihamisha tu.

MTAA ULIOFUTWA

Sasa tuje kwenye mtaa mmoja mdogo, maana ndani yake hoja yetu yote imekusanyika. Mtaa wa Transnonain ulikuwa katikati ya mji, katika eneo la mafundi na vibarua. Bretez aliuchora na Verniquet aliupima. Mwezi Aprili 1834 wafanyakazi na wapinzani wa mfalme waliinuka na kuweka vizuizi barabarani. Askari waliingia katika nyumba namba 12 ya mtaa huo wakawaua wakazi waliokuwa vyumbani mwao. Mchoraji Honoré Daumier alitoa picha iliyochapwa kwa jiwe, ikimwonyesha mtu aliyevaa nguo ya kulalia ameanguka kando ya kitanda, na chini ya mwili wake yuko mtoto.

Mwaka 1851 mtaa huo uliunganishwa na mtaa wa Beaubourg, na jina la Transnonain likaondolewa. Katika kumbukumbu zake Haussmann anaeleza jinsi barabara mpya zilivyolipasua lile eneo la maasi na vizuizi, na kwa fahari anautaja mtaa wa Transnonain kuwa umetoweka katika ramani ya Paris. Tunamshukuru kwa kusema wazi. Si wahakiki wa leo waliobuni kwamba ramani yaweza kuwa silaha ya tabaka. Mwenye silaha mwenyewe alikiri.

Turudi basi kwenye ule mgawanyo wa wasomi, kwamba sanaa ni ndoto na sayansi ni ukweli. Katika jambo hili ramani iliyopimwa kwa minara na pembetatu ndiyo iliyoficha, na picha ya msanii ndiyo iliyohifadhi. Anayetaka kujua leo nini kilitokea katika nyumba namba 12 hatakwenda kwenye ramani ya Haussmann. Atakwenda kwa Daumier. Bretez na Daumier wote wawili ni wasanii. Mmoja alitumwa na wakuu akaondoa watu mitaani. Mwingine alisimama upande wa waliouawa akawarudisha. Tofauti yao haikuwa ya kipaji, ilikuwa ya upande.

HOJA YA MIFEREJI

Wapo watakaotupinga kwa hoja nzito. Watauliza: je, mji ule wa zamani ulikuwa mwema? Kipindupindu cha mwaka 1832 kiliua watu zaidi ya 18,000 mjini Paris. Chini ya Haussmann, mhandisi Eugène Belgrand alijenga mtandao wa mifereji ya maji machafu ambao kufikia 1870 ulizidi kilometa 500, na maji safi yakaletwa kutoka chemchemi za mbali. Bila vipimo kamili maji yasingetiririka.

Hoja hii ni ya kweli na hatuikimbii. Mtu anayeupenda uchochoro wenye kipindupindu kwa sababu ni wa kale ni mtu asiyeishi humo. Sisi si wapinzani wa upimaji. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba sayansi ilikuwa na uwezo wa kuwahudumia watu wote, haithibitishi kwamba iliwahudumia. Mfereji ulipita chini ya barabara pana. Aliyehamishwa akaenda kuishi ambako mfereji haujafika. Mwaka 1871, mwaka mmoja baada ya Haussmann kuondolewa madarakani, wafanyakazi wa Paris walitwaa mji katika Komyuni, na Belleville ya waliohamishwa ilikuwa mojawapo ya ngome zake za mwisho. Ramani ilikuwa imewatoa katikati, nao wakarudi kwa miguu.

SOMO KWETU

Tulisema tutarudi Dar es Salaam. Mwaka 1891, serikali ya Wajerumani ilipohamia mji huo, ilitoa kanuni za ujenzi zilizougawa katika kanda. Kanuni zilitaja aina za majengo: hapa nyumba za namna ya Ulaya, pale nyumba imara za kawaida, na kule vibanda vya udongo na makuti. Hazikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Lakini katika nchi ambamo mkoloni alikuwa na fedha na Mwafrika alikuwa kibarua, kutaja jengo kulitosha. Waingereza waliuendeleza mgawanyo huo, na watu wetu wakaupa majina yake ya kweli, yaani Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa nafasi wazi ya kutenga, ambayo ni Mnazi Mmoja.

Katika ramani ya mkoloni Mnazi Mmoja ni mahali patupu. Lakini kando yake, katika mtaa uliokuwa ukiitwa New Street na ambao leo ni Mtaa wa Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mstari uliowekwa kuwatenga watu ukawa mahali pa kukutania. Mpimaji wa mkoloni hakuwa na alama ya kuonyesha jambo kama hilo.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba ramani imekuwa yetu kwa kuwa dola imekuwa yetu. Mpango wa mji wa 1949 uliandaliwa na kampuni ya Kiingereza. Ile ya 1968 na 1979, tukiwa tumekwisha jitawala, iliandaliwa na kampuni za Kanada. Wakati huohuo wananchi walikuwa wakijenga Manzese na Tandale kwa mikono yao, bila kusubiri mstari wa mtu. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mtaalamu anayechora mji asioulala huona eneo la wavamizi mahali ambapo mwenyeji huona kisima, msikiti, genge la mboga na njia ya mtoto ya kwenda shule.

Mfano wa njia nyingine tunao. Kuanzia 2015, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Ardhi walikwenda katika kata za mji pamoja na wakazi wenyewe, wakaandika katika ramani mifereji, vichochoro na mahali panapofurika mvua ikinyesha. Vyombo vilikuwa vya kisasa, hata ndege zisizo na rubani zilitumika. Lakini urefu wa mafuriko katika nyumba fulani haujulikani kwa ndege. Hujulikana kwa kumwuliza mama mwenye nyumba maji yalifika wapi ukutani. Hapo sayansi na macho ya mwenyeji vimefanya kazi pamoja.

Kwa hiyo tunapoitazama ramani yoyote ya mji, ya kale au ya leo, tunapaswa kuiuliza maswali matatu. Kwanza, nani aliiagiza na nani aliilipia? Pili, nani hamo, na kwa nini? Tatu, mstari huu ukifuatwa, nani atahama, na atahamia wapi? Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitaka wananchi washiriki katika kuyapanga maendeleo yao, wasiwe wa kuamriwa tu. Katika mji, kupanga huanzia kwenye ramani. Ikiwa mwananchi anaiona kwa mara ya kwanza siku alama nyekundu inapopigwa kwenye ukuta wake, basi hajashirikishwa, amearifiwa.

Turudi kwa yule mwananchi mwenye mwembe, aliyesimama mbele ya ramani ofisini. Pengine barabara ile ni ya lazima. Pengine itapita hospitali, itapita maji, na yeye mwenyewe angekubali. Wajibu wa mtumishi wa umma si kumnyamazisha kwa ncha ya kalamu. Wajibu wake ni kumpa kalamu ile, amwambie: Ndugu, tuonyeshe mwembe uko wapi, na kaburi liko wapi, ndipo tujadiliane barabara ipite wapi. Ramani itakayotoka hapo haitakuwa na upungufu wa kisayansi. Itakuwa na vipimo vyote vya Verniquet, na ndani yake watakuwamo watu ambao Bretez aliwaacha nje.